Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Gharama ya Maisha ya Wastaafu wa Kigeni Katika Pwani ya Kenya, Ikitazamwa Kutoka Minjila

Utangulizi

Wahenga wetu walituachia methali mbili mashuhuri kuhusu mgeni. Ya kwanza husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili husema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Ya kwanza yaahidi kwamba ujio wa mgeni huleta manufaa kwa aliyempokea. Ya pili yaweka sharti: ukarimu una mpaka, na mgeni akikawia hana budi kushiriki kazi za nyumba iliyompokea.

Makala haya yanakusudia kuzipima methali hizi kwa kumtazama mgeni wa aina yake, yaani mstaafu wa kutoka Ulaya au Marekani aliyeamua kuumalizia uzee wake katika miji ya bahari ya Kenya kama vile Malindi, Watamu, Diani na Lamu. Swali ambalo mgeni huyo huuliza kabla ya kufunga safari ni moja: maisha ya huko yanagharimu kiasi gani? Sisi tutaliongezea swali la pili lisiloulizwa mara nyingi: gharama hiyo hulipwa na nani?

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Minjila, kituo kilicho karibu na Garsen katika Kaunti ya Tana River, kando ya barabara kuu inayotoka Mombasa na Malindi kuelekea Lamu na Garissa. Minjila si mji wa wastaafu wa kigeni. Hapana nyumba za kifahari wala fukwe zenye viti vya kuotea jua. Hata hivyo, malori ya maembe na ng'ombe kutoka bonde la Mto Tana hupita hapa yakielekea kusini, na vijana wanaokwenda kutafuta kazi Malindi, umbali wa takriban kilomita 110, hupanda magari hapa. Anayesimama Minjila huziona bidhaa na nguvu za watu kabla hazijafika mezani pa mstaafu. Kwa hiyo, huziona kwa bei nyingine.

Mstaafu ni nani?

Kitenzi "kustaafu" kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuomba kuondolewa katika wajibu. Mstaafu, basi, ni mtu aliyetuliziwa mzigo. Tunalo pia neno "kiinua mgongo" kwa yale malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi amalizapo kazi. Ni istilahi yenye picha nzuri: mtu aliyeinama miaka mingi juu ya jembe, meza au cherehani, leo anapewa cha kumwezesha kunyooka. Tulihifadhi neno hili, kwani tutalirudia.

Sheria ya Kenya haimwiti mgeni huyu mstaafu. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 na kanuni zake, yeye huomba kibali cha daraja la K, ambacho ni cha wakazi wa kawaida. Masharti yake makuu ni matatu. Kwanza, awe na umri usiopungua miaka 35. Pili, awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Tatu, asifanye kazi ya ajira.

Masharti haya yanafaa kulinganishwa na ya nchi nyingine zinazowakaribisha wazee. Thailand humtaka mwombaji awe na miaka 50. Panama hutaka pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, nusu ya kiwango cha Kenya. Jambo linalodhihirika ni kwamba Kenya haikujali sana umri. Iliyojali ni fedha. Tena, sharti la tatu lapingana moja kwa moja na methali yetu ya pili. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe, ilhali sheria yasema jembe asiliguse. Sababu yake yaeleweka, nayo ni kumlinda mwenyeji asipokonywe ajira. Lakini maadamu mgeni amekatazwa jembe, yatupasa kuuliza atashiriki vipi katika kazi za nyumba.

Dola elfu mbili na shilingi elfu mbili

Dola 24,000 kwa mwaka ni sawa na dola 2,000 kwa mwezi. Sasa tumgeukie mzee wa Minjila. Tangu mwaka 2018, mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwalipa wazee wa Kenya waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tarakimu ni ileile. Kilichobadilika ni jina la sarafu. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha takriban shilingi 129 kwa dola, kilichodumu tangu katikati ya mwaka 2024 hadi mwaka 2025, mzee wa kwanza alikuwa na shilingi 258,000 na wa pili shilingi 2,000. Wazee hawa wawili wanaishi katika pwani moja, wanatazama kusi na kaskazi zilezile, na pengine wanakula embe la mti mmoja.

Pengo hili ndilo chanzo cha kauli kwamba maisha ya pwani ni "rahisi". Neno hili lenyewe lina somo. Katika Kiarabu asili yake ni kitu kisicho cha bei kubwa. Kiswahili kikalipanua hata likachukua pia maana ya jambo lisilo gumu. Mstaafu husema maisha ni rahisi akikusudia maana zote mbili: bei ni ndogo na kazi za nyumbani hazimchoshi. Zote zatoka chemchemi moja. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kama kilivyotangazwa mwaka 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na katika miji mingine kilikuwa chini ya hapo. Pensheni ya dola 2,000 yaweza kuwalipa wafanyakazi 16 wa kiwango hicho. Mstaafu ambaye kwao hakuwahi kuwa na mtumishi hata mmoja, hapa huweza kuwa na mpishi, mtunza bustani na mlinzi wa usiku. Bei ya pwani haikushuka kwa ajili yake. Ni sarafu yake iliyopanda cheo ilipovuka bahari.

Historia ya Malindi yatuonyesha jinsi mikondo hii ilivyoanza. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine ambayo, kwa heshima ya sikukuu ya taifa letu, iliitwa Uhuru. Watalii wa Kiitaliano waliongezeka katika miongo iliyofuata, baadhi yao wakanunua nyumba, na waliozeeka wakabaki. Leo Kiitaliano husikika madukani na sokoni Malindi, na wapo vijana wanaokizungumza bila kuwahi kuikanyaga Italia.

Mambo yanayopandisha gharama ya mstaafu

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba maisha ya mstaafu huyu hayana mashaka. Urahisi wake umesimama juu ya nguzo ambazo si yeye aliyezichimbia.

Nguzo ya kwanza ni kiwango cha ubadilishaji wa fedha. Mnamo Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Katika miezi michache shilingi ikapata nguvu, na dola ikashuka hadi takriban shilingi 129. Dola 2,000 zilizokuwa shilingi 320,000 zikawa shilingi 258,000. Mstaafu akapoteza shilingi 62,000 kwa mwezi pasipo kununua wala kuibiwa kitu.

Nguzo ya pili ni pensheni yenyewe. Uingereza huongeza pensheni ya serikali kila mwaka kwa wazee wanaoishi nchini humo na katika baadhi ya nchi za nje, lakini Kenya si mojawapo. Anayehamia Kenya pensheni yake huganda katika kiwango alichohama nacho. Mwaka 2010 pensheni kamili ya msingi ilikuwa pauni 97.65 kwa wiki. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 ilikuwa imefika pauni 176.45. Mzee aliyehamia Malindi mwaka 2010 akiwa na haki ya kiwango kamili angali akipokea pauni 97.65, hali bei za unga, mafuta na umeme hazikuganda. Wastaafu wa nchi mbalimbali walilipeleka suala hili katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wakashindwa.

Nguzo ya tatu ni afya. Mstaafu wa miaka 62 hulinganisha bei ya samaki na kodi ya nyumba. Mstaafu wa miaka 80 hulinganisha bei ya vitanda vya hospitali. Bima ya Medicare ya Marekani, isipokuwa katika hali chache, haigharimii matibabu ya nje ya nchi hiyo. Bima za kibinafsi hupanda kadiri umri unavyopanda, na mgonjwa mahututi wa Malindi huenda akahitaji kusafirishwa hadi Mombasa au Nairobi. Hapo ndipo wengi wao hurejea makwao, wakauza nyumba kwa haraka na kuwaaga wafanyakazi kwa haraka zaidi.

Nguzo ya nne ni ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 chaeleza kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini Kenya ila kwa kukodi, na muda wa kukodi usizidi miaka 99. Waliokuwa na hatimiliki za kudumu, haki zao ziligeuzwa kuwa za muda huo. Kwa mzee wa miaka 65, miaka 99 ni umri wa kutosha na kubaki. Kwa warithi wake ni hesabu nyingine.

Twaweza sasa kueleza kwa nini mgeni huyu huishia Malindi asifike Kipini, mji wa kale uliopo Mto Tana unapoingia baharini. Bahari ni ileile na ardhi haijajaa. Lakini kwa miaka mingi Serikali ya Uingereza imewashauri raia wake wasisafiri bila sababu ya lazima katika sehemu za pwani ya Tana River na Lamu, na mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 yaliongeza hofu hiyo. Bima nyingi za safari hazimlindi anayekiuka ushauri wa namna hii. Barabara ya Garsen hadi Lamu, yenye urefu wa takriban kilomita 135, imetiwa lami, lakini mafuriko ya Tana ya mwaka 2023 na 2024 yaliikata. Kwa hivyo fedha za mgeni husimama kusini mwa Mto Sabaki na viungani mwake, na kinachofika Minjila ni mahitaji yake tu.

Gharama isiyoandikwa katika hesabu

Tumekwisha kuona gharama ya mgeni. Sasa tuitazame ya mwenyeji.

Ardhi ya pwani ina jeraha la zamani. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu kudai mashamba yao kwa maandishi, na jamii nyingi zilizokuwa zikimiliki kwa mila, zikiwemo za Wamijikenda na Wapokomo, hazikupata hati. Wajukuu wao wakaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mnunuzi mwenye sarafu yenye nguvu anapokuja, hununua kutoka kwa mwenye hati, na aliyekuwa akiishi pale bila hati hupisha. Bei ya kiwanja ikipanda, mwalimu au muuguzi wa Malindi anayetaka kujenga hushindana na pensheni ya Milano.

Chakula nacho kina hadithi yake. Embe la ngowe linalochumwa kandokando ya Tana lina bei ndogo msimu unapofika kwa sababu mkulima hana mahali pa kulihifadhi. Asipoliuza leo, kesho limeoza. Mchuuzi wa lori ajua hilo. Kila kituo kati ya Minjila, Marereni, Gongoni na Mambrui huongeza kitu juu ya bei, na embe lifikapo Malindi bado mstaafu huliona rahisi. Urahisi huo ni hasara iliyobaki shambani.

Lakini gharama nzito kuliko zote ni ya uzee wa mfanyakazi. Tuchukue mfano wa kukadiria. Kijana wa miaka 35 kutoka bonde la Tana aajiriwa kuitunza nyumba ya mzee wa kigeni. Amhudumia miaka 15, ampikia, ampeleka hospitali, na miaka ya mwisho ambeba. Mzee afariki, au watoto wake waja kumchukua. Nyumba yafungwa. Mtunzaji, aliye na miaka 50, apanda gari hadi Minjila na mkoba mmoja. Miaka 20 imebaki kabla hajatimiza umri wa kulipwa zile shilingi 2,000 za Inua Jamii. Huyu naye amestaafu, lakini kiinua mgongo chake ki wapi?

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Yataka pia mfanyakazi wa mshahara wa mwezi ambaye hakuchangiwa katika hazina ya uzeeni alipwe malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, mkataba wake unapokomeshwa kwa notisi. Na Sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2013, ambayo viwango vyake vilianza kutozwa mwaka 2023, yamtaka mwajiri atoe asilimia 6 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 6. Kwa mshahara wa shilingi 16,113.75, mchango wa mwajiri ni takriban shilingi 967, yaani dola 7 na nusu kwa mwezi. Katika dola 2,000, kiasi hicho ni kidogo kuliko gharama ya mlo mmoja wa hoteli. Akiba hiyo yaweza kumtofautisha mtu anayerudi Minjila akiwa amenyooka mgongo na anayerudi akiwa ameinama. Usipolipwa, mfanyakazi atalazimika kuyafuata madai yake katika mirathi ya marehemu, na huenda mirathi hiyo iko ng'ambo ya bahari asikoweza kufika.

Wajibu wa wanakiswahili

Wasomi wenzangu huenda wakauliza: haya ni mambo ya wachumi na mawakili, sisi wa lugha yatuhusu nini? Jibu limo katika sheria yenyewe. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba iwapo mfanyakazi hajui kusoma au haielewi lugha ya mkataba, mwajiri hana budi kuhakikisha anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mkataba wa kazi ya nyumbani unapoandikwa kwa Kiingereza, na anayetakiwa kuutia sahihi akielewa Kiswahili na Kipokomo au Kiorma, hapo pana kazi ya mwanakiswahili.

Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya istilahi. Tunahitaji maneno yaliyokubaliwa ya "malipo ya utumishi", "mchango wa hifadhi ya jamii", "notisi" na "hati ya kukodi ardhi", yanayoeleweka na mpishi wa Malindi na pia hakimu wa Garsen. Neno "kiinua mgongo" lathibitisha kwamba lugha yetu ina uwezo wa kutaja haki kwa picha ambayo hata asiyesoma huielewa mara moja. Ya pili ni ya tafsiri. Kielelezo cha mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, kikitolewa bure na chama cha wanafunzi kama hiki chetu baada ya kukaguliwa na wakili, kingekuwa na faida kubwa kuliko tasnifu nyingi zinazolala rafuni. Kingemfaa mgeni pia, kwani wapo waajiri wengi ambao hawavunji sheria kwa makusudi, hawakuambiwa tu.

Hitimisho

Tulianza na methali mbili. Kuhusu ya kwanza, tumeona kwamba mgeni huja na mwenyeji huweza kupona, ila kupona huko hakuji kwenyewe. Pensheni ya ng'ambo hulisha mpishi, mvuvi na mwenye duka, na hakuna anayeweza kulikana hilo. Lakini bila mkataba na mchango wa uzeeni, huponya mwezi huu na kuacha kidonda miaka ishirini ijayo. Kuhusu ya pili, sheria imemkataza mgeni jembe, na ni sawa. Jembe lake basi liwe zile dola 7 na nusu.

Anayetaka kujua gharama halisi ya maisha ya mstaafu katika pwani yetu asiishie kwenye soko la Malindi. Na apande gari hadi Minjila, asubiri abiria washuke, kisha amuulize mtu mzima ashukaye na mkoba mmoja: ulifanya kazi miaka mingapi, na umerudi na nini?